Nilimkatalia Mgeni Malazi: Je, Nilitenda Dhambi?

SWALI: Waebrania 13:2 inatuagiza tusisahau kuwafadhili wageni, kwa maana wengine wamewakaribisha malaika pasipo kujua. Hata hivyo, 2 Yohana 10 inakataza kumkaribisha nyumbani mtu asiyeleta mafundisho ya Kristo. Nina watoto wadogo, na majuzi nilimkatalia malazi msafiri nisiyemjua aliyebisha hodi usiku. Tangu siku hiyo dhamiri inanisuta. Je, nilitenda dhambi?

JIBU: Ndugu msomaji, tunakushukuru kwa kuuliza waziwazi jambo ambalo wengi hulimeza kimyakimya. Kuwalinda watoto uliokabidhiwa na Mungu si dhambi, na hakuna andiko linalokutaka umlaze chumbani mwao mtu usiyemjua. Lakini barua yako haikueleza jambo moja: baada ya kumwambia kwamba hatalala kwako, ulimfanyia nini?

Neno la Kigiriki lililotumika katika Waebrania ni philoxenia, yaani upendo kwa mgeni, na upendo huo hutazama kwanza mgeni amepungukiwa na nini. Abrahamu, katika Mwanzo 18, alikuwa ameketi mlangoni pa hema wakati wa hari alipowaona watu watatu. Aliwaahidi maji ya kunawa miguu na kipande cha mkate tu. Kisha Sara akaambiwa akande vipimo vitatu vya unga, ambavyo hukadiriwa kuzidi lita 20, ndama laini akaandaliwa, siagi na maziwa vikaletwa, na mzee yule wa miaka 99 akasimama karibu nao chini ya mti wakati wakila. Hatusomi kwamba walilala kwake. Walipoondoka walielekea Sodoma, naye akawasindikiza. Huko Sodoma mambo yalikuwa tofauti. Malaika wawili walifika jioni wakasema watalala uwanjani, na Lutu, aliyeujua vizuri mji wake, akawasihi sana mpaka wakaingia nyumbani mwake. Mchana kule Mamre, penye hema la Abrahamu, walihitaji kivuli na chakula. Usiku Sodoma walihitaji mlango wa kufungwa nyuma yao.

Kwa hiyo, kama msafiri yule angeweza kufika salama mahali pengine, kikombe cha maji, maneno ya heshima na maelekezo ya njia vilitosha. Kama alikuwa hatarini, wajibu wako ulikuwa kumtafutia mahali, japo si lazima pawe kwako. Msamaria wa Luka 10 alimpeleka majeruhi katika nyumba ya wageni, akamlipa mwenye nyumba dinari mbili, na Bwana Yesu akamtaja kuwa mfano wa jirani mwema.

Ama 2 Yohana 10, haimhusu msafiri wako hata kidogo. Siku zile walimu wa kanisa walizunguka mji kwa mji wakitegemea nyumba za waamini, na makutaniko yenyewe yalikutana majumbani, hivyo kumpokea mwalimu mpotoshaji kulikuwa kumpa mimbari. Inasikitisha kuona mstari huu ukigeuzwa kuwa komeo la mlango dhidi ya mtu mwenye njaa. Katika waraka unaofuata, 3 Yohana, mwandishi huyo huyo anamsifu Gayo kwa kuwatendea mema ndugu waliokuwa wageni kwake, na anamkemea Diotrefe aliyewakataa.

Wakristo wa kwanza hawakupuuza hatari. Didakhe, mwongozo wa kanisa wa zamani sana, unaagiza kwamba kila ajaye kwa jina la Bwana apokewe, kisha apimwe. Mpita njia asaidiwe kadiri iwezekanavyo na asikae zaidi ya siku mbili au tatu. Akitaka kuhamia, afanye kazi apate kula. Wahenga wetu nao walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Mzigo huu pia si wa nyumba moja. Zungumza na wazee wa kanisa lako, ili ijulikane ni nani mwenye nafasi ya kulaza mgeni, nani anaweza kumsindikiza, na nani apigiwe simu usiku. Nyumbani, kubalianeni mapema mtakachoweza kutoa mtu akibisha hodi, hata kama ni kiti cha barazani, maji na chakula kilichobaki, mkiwa wawili au pamoja na jirani. Na kama msafiri yule bado yuko mjini kwenu, mtafute umjulie hali.