Chai niliyoisifia hapa mwaka 2021, na kitu kilichonirudishia choo

Jumapili usiku nilipokea meseji kutoka kwa binti mmoja wa Mwanza. Ameandika hivi: "Shikamoo dada. Samahani kwa usumbufu. Ile chai ya kusafisha tumbo uliyoiposti zamani nimeinywa mwaka mzima, sasa nisipoinywa sipati choo kabisa. Wewe uliachaje?" Nilikaa na simu mkononi mpaka mume wangu akaniuliza kama kuna msiba.

Namjibu yeye, na nawajibu wote mlionunua ile chai kwa maneno yangu. Najua mpo. Najua pia kwamba mnataka kile nilichokitaka mimi: kuamka asubuhi, kwenda chooni kama watu wengine, kuvaa gauni bila tumbo kujaa kama ngoma, na kuendelea na maisha.

Habari yangu ilianza 2018, nikiwa na mimba ya mtoto wa pili. Kliniki nilipewa vidonge vya kuongeza damu, kama wanavyopewa wajawazito wengi, na nilivihitaji. Ila hakuna aliyeniambia kwamba madini ya chuma yanaweza kufanya choo kiwe kigumu na cheusi. Nilijifungua, vidonge vikaisha, tatizo likabaki. Siku nne, siku tano, mara moja zilifika tisa. Nikienda nasukuma mpaka mishipa ya kichwa inagonga, kinatoka kidogo mfano wa mavi ya mbuzi, na bado nahisi kuna kingine kimekwama pale pale. Bawasiri ikafuata. Nilikuwa na miaka 31 na nilikaa kwenye kiti kwa upande mmoja kama bibi kizee.

Kazini kwetu tulikuwa watu kumi na mmoja, choo kimoja. Ndio kwanza umeketi, mlango unagongwa. Basi nikajifunza kubana. Haja inakuja saa nne asubuhi, naibana mpaka inakata yenyewe, nasema nitaenda nyumbani. Nyumbani haiji. Leo najua nilikuwa najifanyia nini: utumbo mpana kazi yake mojawapo ni kufyonza maji, na kadiri kinyesi kinavyokaa ndani ndivyo kinavyoendelea kukauka. Nilikuwa nautengeneza ugumu ule mwenyewe, siku baada ya siku.

Na sikumwambia mtu. Mwenzako akiumwa malaria anatangaza ofisi nzima, anapewa pole na nauli. Nani anasimama kusema hajaenda chooni tangu Jumatano? Mume wangu alijua baada ya mwaka na nusu, tena kwa sababu aliona damu.

Chai niliiona mtandaoni 2020. Pakiti ya kijani, picha ya mwanamke mwenye tumbo bapa, na maneno mimea asilia kwa herufi kubwa. Nilikunywa kikombe kimoja usiku, alfajiri saa kumi na moja tumbo likasokota, nikakimbia. Sitaki kudanganya, nililia kwa furaha. Nilihisi nimepata mwili mpya. Ndiyo ile furaha iliyonifanya nipige picha ya kikombe juu ya meza ya jikoni mwaka 2021 na kuandika hapa kwamba imeniokoa. Sikulipwa hata shilingi. Niliamini.

Nikaendelea kunywa. Kikombe kimoja kikawa viwili, mfuko mmoja wa majani ukawa mitatu kwenye kikombe kimoja, na kufikia 2022 hata mitatu ilikuwa inanipa msokoto tu bila kitu. Hapo ndipo mwenzangu mmoja wa kikoba akaniletea habari ya kapsuli za bakteria wazuri. Kopo shilingi 85,000, na dozi ni makopo matatu. Aliniambia utumbo wangu umekufa bakteria, kapsuli zitawarudisha, baada ya miezi mitatu nitasahau. Nilitoa 255,000 kwenye pesa ya ada ya mtoto.

Nilijaa gesi. Choo hakikuja. Nilipomfuata aliniangalia usoni akasema, "Wewe hujaiamini dawa, ndiyo maana." Hilo neno bado linaniuma. Pesa nimeshaisamehe, lakini hilo neno sijaweza. Mtu anakuuzia, kinashindikana, halafu kosa linakuwa la moyo wako.

Mwanzoni mwa 2023 miguu ikaanza kukaza usiku. Naamka nashika kigimbi cha mguu, mume ananikanda. Mchana nachoka, moyo unapiga ovyo. Nikaenda hospitali kwa ajili ya miguu, si kwa ajili ya choo. Daktari aliyenipokea, mama wa makamo, akapima damu: potasiamu 3.1, wakati ya kawaida huanzia 3.5. Akaniuliza kama naharisha. Nikasema hapana, mimi choo kwangu ni shida. Akauliza natumia nini. Nilikuwa na ile pakiti na kopo la kapsuli kwenye mkoba, nikaviweka mezani.

Alivua miwani, akaisogeza pakiti karibu na macho, akasoma maandishi madogo ya ubavuni ambayo mimi kwa miaka mitatu sikuwahi kuyasoma. Akanigeuzia na kuweka ukucha chini ya neno: Senna. "Mama," akasema, "hii ni sanamaki."

Sanamaki! Mimi ni mtu wa Pangani. Bibi yangu alikuwa nayo sanamaki kwenye kopo la maziwa, juu kabisa ya kabati, watoto tusifike. Aliichemsha mara chache mno, mtu akizidiwa, anapewa kikombe kidogo na basi. Angeniona naipika kila usiku, angenipokonya. Nilinunua kwa bei ya mjini, ndani ya pakiti ya kijani, kitu ambacho bibi yangu alikijua na kukiogopa.

Daktari hakuitukana sanamaki. Alisema ni dawa ya kweli, inatumika hospitali, inausukuma utumbo mpana ukaze na kuachia, na kwa siku chache inasaidia. Shida ilikuwa wingi na muda, na kwamba nilidhani nakunywa chai. Ukizidisha, unapoteza maji na chumvi kama potasiamu, na ndiyo miguu ile. Wanaoitumia muda mrefu huweza hata kupata weusi kwenye ukuta wa utumbo, ambao hufifia baada ya kuacha. Kuhusu kapsuli alikuwa mpole zaidi. Akasema zipo aina za bakteria zilizowasaidia baadhi ya watu, lakini kopo langu halikuandikwa ni bakteria gani hasa wala wangapi, kwa hiyo hata yeye hawezi kusema nilimeza nini. Alipima na tezi ya shingo, kwa sababu ikilegea nayo inafunga choo. Ilikuwa nzima.

Kisha akaandika kwenye karatasi neno moja: isabgol. Nilidhani ni dawa ya bei mbaya. Nikaikuta Kisutu, Dar es Salaam, kwenye duka la viungo la Wahindi, pembeni ya bizari na iliki, kwa bei ambayo nilipojumlisha ilikuwa chini ya robo ya kopo moja la kapsuli, na ilinitosha zaidi ya mwezi.

Isabgol ni maganda ya mbegu za mmea unaolimwa sana India, hasa Gujarat na Rajasthan. Ni meupe, mepesi, yanapeperuka kama pumba. Ukitia kijiko kwenye glasi ya maji na kukoroga, mwanzoni hakuna kitu, maji yana ukungu tu. Ukihesabu mpaka sitini, kijiko kinaanza kuwa kizito. Ukiacha dakika tano unakuta mlenda unaotikisika, unaweza kuinamisha glasi na usimwagike. Hicho unachokiona kwenye glasi ndicho kinachotakiwa tumboni: ganda linashika maji na halikubali kunyang'anywa na utumbo, choo kinabaki laini na kikubwa, na ukubwa wenyewe ndio unaouambia utumbo usukume. Kwa hiyo unakoroga na kunywa hapo hapo, kisha unashushia glasi nyingine nzima ya maji. Usinywe kavu. Usinywe na maji nusu glasi. Bila maji inaweza kukwama kooni au kuziba utumbo, na wenye shida ya kumeza wasiiguse mpaka wamwone daktari.

Nilianza na kijiko kimoja cha chai usiku. Wiki ya kwanza gesi, wiki ya pili gesi, nikataka kuacha. Daktari alikuwa ameniambia nisihukumu kabla ya wiki nne, niongeze polepole mpaka gramu kama 10 kwa siku. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2022 watafiti wa King's College London walikusanya majaribio mengi ya nyuzinyuzi, yaani sehemu ya mimea ambayo tumbo haliimeng'enyi, kama hayo maganda ya isabgol, kwa watu wenye tatizo hili, na walichokiona ni hicho hicho: isabgol ndiyo iliyofanya vizuri, kwa zaidi ya gramu 10, kwa wiki nne au zaidi. Mimi ilikuwa siku ya 19. Saa kumi na mbili na robo asubuhi, baada ya chai ya rangi, bila msokoto, bila kusukuma, dakika tatu. Nilitoka nikakaa kitandani kimya. Miaka mitano nilikuwa nimesahau kwamba kitu hiki hakiumi.

Tangu Juni 2023 mpaka leo sijawahi kupitisha siku mbili. Nalisema hili kwa kujivuna kabisa, nimelitolea jasho.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini bibi yangu hakuwa na shida hii. Alikula dona, kunde, mchicha, muhogo, mafenesi, akachuchumaa kwenye choo cha shimo maisha yake yote. Kulikuwa na daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda miaka mingi, Lira na kisha hospitali ya Mulago, Kampala. Yeye na wenzake walipima choo cha watu, na mwaka 1972 wakachapisha walichopata: wanakijiji wa Uganda walikuwa wanatoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, wakati Waingereza waliopimwa walikuwa karibu na gramu 100, na chakula kilikaa matumboni mwao zaidi ya mara mbili ya muda. Alilaumu ukosefu wa nyuzinyuzi. Nilipoyasoma hayo nilikuwa nimeshika sahani ya chipsi. Sisi wajukuu wa wale wanakijiji ndio tumehamia kwenye sembe nyeupe, chipsi, mkate na soda, halafu tunakwenda kununua tumbo letu la zamani ndani ya kopo.

Kwa hiyo, binti yangu wa Mwanza, na ninyi wengine. Kunyweni maji. Someni ubavu wa pakiti, si mbele. Ukikuta senna, au sanamaki, au hakuna maelezo kabisa, rudisha. Kopo la bakteria lisiloandika jina la bakteria na idadi yake, rudisha. Kunyweni maji. Haja ikija, nenda, hata mkurugenzi akigonga mlango. Na muda mzuri ni asubuhi baada ya kula, kwa sababu chakula kikiingia tumboni utumbo mpana nao unaamka. Kama choo ni cha kukaa, weka kigoda chini ya miguu, magoti yapande juu, uinamie mbele kidogo, njia inanyooka. Papai, embe, dona, maharage, mlenda. Isabgol iachane na dawa nyingine kwa saa mbili hivi. Na maji, tena maji.

Usiikate chai kwa hofu na kukaa wiki bila choo. Mwambie daktari umeinywa muda gani, apime potasiamu, akusaidie kuipunguza polepole. Na kama kuna damu kwenye choo, kama unakonda bila sababu, kama umepungukiwa damu mwilini, kama umevuka miaka 50 na choo kimebadilika ghafla, usinisome mimi wala usinunue isabgol kwanza. Nenda ukapimwe. Wauzaji wanaishi kwa aibu yetu. Mwanamke anayeona haya kumwambia daktari "sipati choo" atamwambia muuzaji inboksi saa sita usiku, na muuzaji hatampima damu.

Ile posti ya 2021 nimeifuta leo asubuhi. Kabla ya kuifuta nilinakili majina ya waliokuwa wameuliza "inapatikana wapi", wapo 23. Nimewaandikia mmoja mmoja. Kumi na wanne wamejibu, wengi waliacha zamani. Mmoja ana mimba ya miezi mitano, anameza vidonge vya damu na bado anaikoroga ile chai kila usiku. Nimempigia mara mbili simu haipatikani. Anatoka dukani saa mbili usiku, nitampigia tena.