Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Dana Anatii?

SWALI: Ndugu Mhariri, kikundi chetu cha usomaji kinasoma riwaya ya Kindred ya Octavia Butler, ambayo tuliambiwa ni bunilizi ya kisayansi. Dana, mwanamke Mweusi anayeishi California mwaka 1976, anajikuta amevutwa hadi Maryland ya zama za utumwa kila mara Rufus, mtoto wa mwenye shamba, anapokaribia kufa. Nimefika katikati na nimekasirika. Inawezekanaje mwanamke msomi, anayejua kuwa utumwa utakomeshwa, akubali kutumikishwa, tena amwokoe huyohuyo atakayekuja kuwa bwana wa watumwa? Na mbona hatuelezwi anasafiri vipi?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, la safari ni jepesi. Butler mwenyewe alisema kuwa ndani ya riwaya hii, iliyotoka mwaka 1979, hamna sayansi. Jina la bunilizi ya kisayansi limeiandama kwa sababu vitabu vyake vingine ni vya aina hiyo. Usitafute mtambo wowote, kwa maana hutauona.

Hasira yako, hata hivyo, inagusa kiini cha kitabu. Butler alisimulia kwamba, alipokuwa mwanafunzi, alimsikia kijana Mweusi akiwalaumu wazee waliotii kwa muda mrefu mno, hata akasema angependa kuwaua, ila ingembidi aanze na wazazi wake. Mama yake Butler alikuwa akifanya kazi katika nyumba za Wazungu na kuingilia mlango wa nyuma, na kwa kazi hiyo binti akala na kusoma. Ndipo mwandishi akaamua kumchukua mtu wa zama zetu, mwenye uhakika wetu wote, na kumweka mahali pale pale waliposimama wale tunaowahukumu.

Mtazame Sarah, mpishi wa shamba. Kuna wakati Dana anamdharau kwa kuwa ameyakubali maisha yake. Lakini Tom Weylin, baba yake Rufus, aliwauza watoto watatu wa Sarah, na mkewe akapata samani na vyombo vipya. Akamwachia mmoja tu, Carrie, ambaye ni bubu. Weylin hakuwa na haja ya kumchapa Sarah baada ya hapo. Mama aliyebakiziwa mtoto mmoja, ambaye kwa sheria ni mali inayoweza kupigwa bei wakati wowote, hatoroki wala hapazi sauti, na hasira aliyo nayo anaimeza kila siku palepale jikoni.

Dana naye anajaribu kutoroka, na anakamatwa kabla hajafika mbali, kwa sababu mtumwa mwenzake amemchongea. Usomi wake haukumfundisha njia za usiku wala nani wa kumwamini. Harriet Tubman, ambaye hakujua kusoma, alizaliwa upande huohuo wa mashariki ya Maryland lilipo shamba la Weylin, akatoroka mwaka 1849, kisha akarudi mara kadhaa kuwatoa wengine. Kitabu kinamtaja, na sioni kuwa kinamtaja ili kumtia Dana aibu. Kinatuonyesha ni ujuzi wa namna gani uliohitajika pale.

Kuhusu Rufus, kumbuka kwamba yeye na Alice ndio chimbuko la ukoo wa Dana. Akifa kabla binti yao Hagar hajazaliwa, Dana hatakuwapo. Alice alizaliwa huru, akafanywa mtumwa kwa kumsaidia mumewe kutoroka, na sasa Rufus anamtaka kwa hiari au kwa nguvu. Utafika mahali Rufus anamtuma Dana akazungumze na Alice ili asilazimike kumpiga. Soma hapo polepole. Mimi naona hapo ndipo riwaya ilipo kali kuliko kwingine, kwa maana nasi tunaongojea Hagar azaliwe tunajua vyema Alice atatendwa nini ili jambo hilo liwe. Mwisho sitausimulia.

Kikundi chenu kikipata nafasi, someni pia tawasifu ya mwaka 1845 ya Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka. Alizaliwa katika wilaya ya Talbot, ambako ndiko Butler aliko­liweka shamba la Weylin. Linganisheni pale bwana wake anapomkataza mkewe kumfundisha Douglass herufi na pale Dana anapochapwa kwa kumfundisha kijana Nigel kusoma. Mazungumzo ya jioni nzima mtayapata hapo.