Maswali ya Wasomaji: Dumu la Dawa Lenye Utelezi

SWALI: Zahanatini kwetu dawa ya njano ya kusafishia vidonda, ile ya klorheksidini na setrimaidi, tunaizimua kwenye dumu la lita 5. Ikipungua, tunaongezea nyingine juu yake. Sasa dumu lina utelezi ndani, na wagonjwa wawili vidonda vyao vinatoa usaha wa kijani. Mwenzangu anasema bakteria hawezi kuishi ndani ya dawa inayoua bakteria, tena kwa baridi ya huku. Je, ni kweli?
Muuguzi, Makete

JIBU: Si kweli. Dumu hilo liondoe kwenye matumizi leo hii.

Usaha wa kijani, hasa ukiwa na harufu ya utamutamu, unaelekeza kwa bakteria aitwaye sudomonasi. Huyu anaridhika na maji na uchafu kidogo tu. Ganda lake la nje huzuia dawa isipenye, na inayopenya huitema kwa vijipampu vyake. Utelezi uliouona ndio nyumba yake: ute anaoujenga kwenye kuta za chombo. Dawa huua walio juu, waliojificha chini ya ute wanabaki. Mkiongezea dawa mpya mnawapelekea maji mapya, na nguvu yake inaliwa na uchafu wa zamani. Baridi ya Makete haiwaui.

Hata iodini, dawa nyingine ya vidonda, haikusalimika. Mwaka 1980 huko Marekani, iodini ya povidoni ilikutwa na bakteria wa jamii hiyo, na chanzo kilikuwa kiwandani kwenyewe. Kama iodini isiyozimuliwa ilichafuka, dawa iliyozimuliwa kwa maji ya ndoo ina hatari kubwa zaidi.

Kuanzia sasa chemsheni maji ya kuzimulia kwa dakika 20, mkihesabu tangu yanapotokota kwa nguvu, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa. Nyanda za juu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 95, kwa hiyo dakika msizipunguze. Sudomonasi hufa hapo. Mbegu ngumu za bakteria wengine hazifi, hivyo vifaa vya upasuaji bado vinahitaji otoklevu, mashine inayoua vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo. Zimueni kwa kipimo cha kwenye lebo, kiasi cha siku moja tu, kwenye chupa ndogo. Andikeni tarehe na saa. Inayobaki jioni imwagwe, hata kama ni nusu chupa. Najua inauma pale dawa inapokuja kwa mgao, ndiyo maana mzimue kidogo.

Chupa tupu isuguliwe kwa brashi na sabuni, isuuzwe hadi povu liishe kabisa, kwa sababu mabaki ya sabuni hudhoofisha setrimaidi na klorheksidini. Kisha ichemshwe dakika 20, iinamishwe ikauke. Kizibo kiwe cha plastiki au chuma. Cha gome la mti hunyonya dawa na kufuga vijidudu. Pamba na shashi pia hunyonya dawa, kwa hiyo msiloweke pamba kwenye kopo tangu asubuhi. Mimina dawa juu ya shashi safi wakati wa kumhudumia mgonjwa, na iliyobaki kwenye kibakuli isirudishwe kwenye chupa.

Wagonjwa wale wawili wasafishwe kwa maji ya dripu ya chumvi ya asilimia 0.9, kutoka chupa mpya, na wapelekwe hospitali wakachukuliwe sampuli ya usaha. Msiwaanzishie amoksilini kwa kubahatisha, haimuui sudomonasi.

SWALI: Spiriti ya kufutia mashine ya kunyolea naiweka kwenye bakuli wazi na pamba ndani, nakaa nayo wiki. Ina ubaya?
Kinyozi, Mwanjelwa

JIBU: Ubaya upo. Kilevi huruka kwanza, maji yanabaki. Baada ya siku chache unafutia maji yenye harufu. Spiriti hufanya kazi vizuri ikiwa karibu na asilimia 70. Ukinunua ya asilimia 95, chukua mililita 740, ongeza maji yaliyochemshwa na kupoa hadi ifike lita 1. Isipozimuliwa inagandisha ganda la bakteria haraka, na ndani haifiki. Tumia chupa yenye kifuniko, mimina kwenye pamba mpya kwa kila mteja, na kwanza toa nywele na mafuta kwa brashi. Wembe ni wa mteja mmoja, kisha unatupwa.

SWALI: Jiki niliyochanganya juzi bado inafaa kuulia vijidudu?
Mama wa nyumbani, Tukuyu

JIBU: Hapana. Ikishachanganywa hupungua nguvu upesi, na jua huimaliza. Kwa jiki ya asilimia 3.5, kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji hutoa asilimia 0.5. Changanya kila asubuhi, funika, weka kivulini.