Usikariri kipimo cha kumbukumbu, mkuu. Nenda ulivyo

Futa hiyo PDF. Usiifungue tena na usimrushie mwenzako.

Umeandika kwamba daktari amekupangia kipimo cha kumbukumbu, umeipata fomu mtandaoni, maneno matano yote umeshayashika, na sasa unaomba mwenye toleo jingine akutumie uzidi kujinoa "nisije nikaaibika". Nilisema hivyohivyo kwa mke wangu, na leo natembea kwa fimbo.

Mimi ni mhasibu mstaafu. Nilianza kusahau kwa namna iliyonitisha: nahesabu pesa za kikoba mara tatu na kila mara zinakuja tofauti, jina la mkwe wangu linapotea naye amekaa mbele yangu. Watoto wakanisukuma hospitali. Kabla ya siku kufika, kwenye kundi letu la WhatsApp la wastaafu akajitokeza bwana mmoja anayeuza "maswali na majibu ya kipimo cha ubongo". Nikamtumia pesa kwa simu, akanirushia fomu kamili ya MoCA, kipimo cha kumbukumbu na kufikiri kama hicho chako.

Kipimo chenyewe kilibuniwa Montreal, Kanada, na Dkt. Ziad Nasreddine na wenzake, kikachapishwa mwaka 2005. Kina alama 30, kinachukua kama dakika 10, na mwenye 26 kwenda juu huhesabiwa yuko sawa. Unaunganisha namba na herufi kwa zamu, unanakili mchoro wa mchemraba, unachora saa ya mishale, unataja wanyama, unatoa saba saba kuanzia 100. Katikati unasomewa maneno matano, unashughulishwa na mambo mengine, kisha unaulizwa yale maneno. Kipande hicho ndicho kinachomwonyesha daktari kama jambo jipya likiingia kichwani linakaa au linavuja. Sasa mimi maneno yale nilikuwa nayo tangu wiki iliyotangulia, nimeyarudia sebuleni mpaka mjukuu naye akayashika. Daktari alikuwa anapima nini pale?

Nikapata 28. Akanipa mkono, akasema ni uchovu wa kustaafu, nipumzike. Na kwa kuwa kichwa "kimefaulu", hakuna aliyeona haja ya kunitoa hata tone la damu.

Zaidi ya mwaka ukapita hivyo. Nyayo zikaanza ganzi, nyumbani tukasema ni kisukari tu, maana ninacho na nimemeza metformin kwa miaka mingi. Ikafika mahali ndala inachomoka njiani sina habari. Mwisho nikaanguka bafuni. Ndipo daktari mwingine, kijana kabisa, akaniuliza nameza dawa gani na tangu lini, akaagiza nipimwe vitamini B12. Ilikuwa chini sana. Metformin ikitumika muda mrefu inaweza kupunguza B12 ambayo mwili unaifyonza kutoka kwenye chakula, na B12 ikipungua mishipa ya fahamu inaumia: ganzi, kuyumba, kusahau. Nikaanzishiwa sindano. Kichwa kilirudi, hesabu za kikoba nafunga mwenyewe. Miguu haikurudi. Mishipa ikikaa muda mrefu bila hiyo vitamini, sehemu ya uharibifu haifutiki.

Kile kilichokuwa kinanisahaulisha kilikuwa na sindano yake, mkuu! Kipimo kingeniangusha, na kuanguka kule ndiko kungenifikisha maabara mapema.

Na yule muuza karatasi bado anauza. Anawaambia wazee huu ni mtihani na mtihani ni kufaulu. Mtihani gani? Anachukua pesa ya mgonjwa ili amsaidie kumficha daktari ugonjwa wake. Ni sawa na kumjaza mtoto mawe mfukoni ili kadi ya kliniki isome kwamba amenenepa. Namkasirikia kila nikishuka ngazi. Hata daktari wa kwanza namdai swali moja tu, "mzee, karatasi hii umewahi kuiona?" Sekunde tatu zingemtosha.

Kwa hiyo nenda ulivyo. Lala vizuri, kula, meza dawa zako za kila siku, vaa miwani, na kama husikii vizuri sema mapema, kwa sababu neno usilolisikia huwezi kulikumbuka. Usijifunze chochote. Na kwa kuwa wewe umeshakariri, mwambie daktari kabla hajaanza. Yapo matoleo mengine ya MoCA yenye maneno na wanyama tofauti, yametengenezwa ili anayerudia asijibu kwa mazoea. Ukiagizwa kuchora saa na hujaelewa ni saa yetu au ya Kizungu, uliza. Anayekupima hatakupunguzia alama kwa kuuliza.

Alama zikitoka chini, usikimbilie kusema ni Alzheimer, ule ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu. Omba damu ipimwe B12 na tezi ya shingo, na dawa zako zote ziwekwe mezani, hasa za usingizi. Sonona nayo inaweza kumfanya mtu asahau, na inatibika.

Mama yako uliyemtaja, ambaye hakusoma, asipewe fomu hiyo ya michemraba na herufi. MoCA inaongeza alama moja tu kwa aliyesoma miaka 12 au chini yake, haitamtosha asiyeshika kalamu kabisa. Uliza kuhusu kipimo kingine kiitwacho IDEA, ambacho kilifanyiwa kazi na wazee wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Hakihitaji kusoma wala kuandika: mzee anaulizwa maswali kwa mdomo na anapanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Naye usimfundishe hizo njiti.

Na kama uko kwenye metformin, niandikie hapa leo umeitumia tangu lini, na kama nyayo zako zinahisi sakafu.