Maswali ya Wasomaji: Karibea na Watoto Wadogo, Tuchague Kisiwa Gani?

Watoto wetu wana miaka 2 na 5. Picha za visiwa vyote zinafanana: maji ya samawati, mchanga mweupe, mnazi ulioinama. Tuanzie wapi kuchagua? – Mama wa wawili

Dada, weka picha pembeni ufungue ramani. Upepo wa Karibea huvuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima, kwa hiyo kila kisiwa kina pande mbili zisizofanana. Upande wa goshini, yaani mashariki, hupokea mawimbi ya Atlantiki moja kwa moja. Upande wa demani, magharibi, umekingwa na kisiwa chenyewe na maji yake huwa tulivu. Barbados inaonyesha jambo hili vizuri: Bathsheba, pwani ya mashariki, ni pa watu wa kuteleza juu ya mawimbi, na hata mtu mzima anayejua kuogelea huko hujiangalia. Ukivuka kwenda Paynes Bay au Mullins, upande wa magharibi, mtoto wa miaka 5 anasimama ndani ya maji bila kuangushwa. Antigua vilevile: Half Moon Bay ya mashariki ni nzuri kwa macho, lakini ya kuogea na watoto ni Dickenson Bay. Bei ya hoteli ikikushangaza kwa unafuu, tazama kwanza imekaa upande gani.

Upande huohuo wa mashariki ndio unaopokea mwani unaoitwa sargasamu. Tangu 2011 mwani huu umekuwa ukifika Karibea kwa wingi, hasa kati ya Machi na Agosti. Ukirundikana na kuoza hutoa gesi inayonuka kama yai viza, na mtoto mwenye pumu hapaswi kukaa karibu nao. Kabla ya kulipa, waulize hoteli maswali mawili: ufuo wenu unatazama wapi, na mwani huondolewa mara ngapi kwa wiki?

Kanuni ya demani ina doa moja. Kati ya Desemba na Machi, dhoruba za mbali huko kaskazini hutuma mawimbi marefu yanayofika fuo zinazotazama kaskazini na hata magharibi. Bahari iliyolala jana huamka ghafla, chini ya anga safi. Hali hiyo hudumu siku moja mbili, na siku hizo bwawa la hoteli ndilo la kutumia.

Mwamba wa matumbawe nao ni kinga. Grace Bay, kwenye kisiwa cha Providenciales huko Turks na Caicos, imekingwa na mwamba ulio mbele yake. Baby Beach ya Aruba ni kidimbwi cha bahari chenye kina kifupi, na jina lake halikutolewa bure. Lakini kwenye mlango wake wa kutokea baharini kuna mkondo mkali, basi watoto wabaki upande wa ndani.

Kitu cha pili ni mwendo wa kutoka uwanja wa ndege, ambao watu huusahau mpaka mtoto anapotapika. Ndege kubwa za Saint Lucia hutua Hewanorra, kusini kabisa, ilhali hoteli nyingi za familia ziko Rodney Bay, kaskazini. Hapo katikati kuna takriban saa moja na nusu ya kona za milimani, na mnaianza baada ya siku nzima ya safari. Montego Bay hadi Negril, Jamaica, nako ni kama kilomita 80. Linganisha na Providenciales, Aruba au Antigua, ambako sehemu kubwa ya hoteli hufikiwa ndani ya nusu saa.

Kwa umri wa watoto wako tungeweka mbele magharibi ya Barbados, kaskazini-magharibi ya Antigua, na Providenciales. Aruba ni nzuri pia, ila ujue upepo wake haupoi: mwavuli wa ufukweni huruka na mchanga huchapa miguu ya mtoto. Na chagueni kisiwa kimoja tu. Kurukaruka kati ya visiwa vitatu kwa ndege ndogo na boti ni likizo ya watu wasiobeba nepi.

Mimi na mume wangu tunapata likizo Agosti tu. Ni kweli kwamba vimbunga huharibu kila kitu? – Mwalimu

Msimu wa vimbunga wa Atlantiki huanza rasmi tarehe 1 Juni na kuisha 30 Novemba, na kilele chake ni kati ya katikati ya Agosti na katikati ya Oktoba. Mnaangukia pabaya, lakini si kila kisiwa kiko njiani. Aruba, Bonaire na Curaçao ziko kusini kabisa karibu na Venezuela, na vimbunga huzigonga kwa nadra. Kwa Agosti ni hizo.

Msitegemee hadithi kwamba Grenada iko kusini mno kuguswa. Kimbunga Beryl kilikipiga kisiwa chake cha Carriacou tarehe 1 Julai 2024, msimu ukiwa umeanza mwezi mmoja tu. Bima ya safari inunuliwe siku mnayolipia tiketi, kwa sababu bima nyingi hazilipi hasara ya kimbunga ambacho tayari kimepewa jina.

Kwa wasomaji wasiofungwa na Agosti: bei za juu ni kuanzia katikati ya Desemba hadi katikati ya Aprili. Wiki za mwisho za Aprili hadi mwisho wa Mei zina bei iliyoshuka na bahari iliyotulia, na vimbunga bado. Kwa mtoto ambaye hajaanza shule, hatuoni sababu ya kwenda wakati mwingine.

Tunasafiri kutoka Afrika Mashariki na hakuna ndege ya moja kwa moja. Karatasi zipi hukwamisha familia? – Baba wa pacha

Inayokwamisha wengi ni viza ya nchi ya kupitia, wala si ya kisiwa. Marekani haina eneo la kusubiri ndege bila kuingia nchini: ukibadilisha ndege Miami kwa saa mbili unapita uhamiaji, na kila mmoja wenu, pamoja na mtoto wa miezi mitatu, anahitaji viza. Kwa hiyo wengi huona wepesi kupitia Ulaya, lakini hakikisheni masharti ya uwanja mtakaobadilishia ndege kwa pasipoti zenu kabla ya kulipia tiketi. Puerto Rico na Visiwa vya Virgin vya Marekani huingiwa kwa sheria za Marekani. Guadeloupe na Martinique ni Ufaransa na hutumia yuro, lakini haziko ndani ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja. Viza ya Schengen ya kawaida haikuingizi huko mpaka iandikwe kwamba inahusu pia maeneo hayo.

Inayofuata ni cheti cha homa ya manjano. Visiwa vingi, Jamaica na Barbados vikiwemo, hukidai kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo, kwa kawaida kuanzia umri wa mwaka 1. Chanjo hutolewa kuanzia miezi 9, na cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Ukichanja Jumatatu ukasafiri Ijumaa ya wiki hiyo, una karatasi isiyofaa. Kwa bahati njema, cheti hicho sasa ni cha maisha.

Mzazi anayesafiri peke yake abebe barua ya ridhaa ya mzazi mwenzake iliyothibitishwa na wakili, pamoja na cheti cha kuzaliwa, hasa kama jina la ukoo la mtoto ni tofauti na lake.

Na kwa kuwa ni pacha: mtoto chini ya miaka 2 hukaa mapajani kwa nauli ndogo, lakini akifikisha miaka 2 mkiwa huko, safari ya kurudi inadai kiti chake. Kwenu ni viti viwili. Zaidi ya hayo, kwenye ndege nyingi kila safu ya viti ina barakoa ya oksijeni moja tu ya ziada, hivyo mtawekwa safu tofauti, mzazi mmoja na mtoto mmoja.

Bei kwenye menyu zimeandikwa "$". Ni dola gani? – Msomaji

Uliza kabla hujaagiza. Antigua, Saint Lucia, Grenada, Dominica na jirani zake hutumia dola ya Karibea Mashariki, ambayo tangu 1976 imefungwa kwenye 2.70 kwa dola 1 ya Marekani. Dola 2 za Barbados ni dola 1 ya Marekani. Dola 1 ya Bahamas ni dola 1 ya Marekani. Cayman ni kinyume: dola yao ina thamani kubwa kuliko ya Marekani, kama 1.20, kwa hiyo huko chakula kinachoonekana nafuu huongezeka unapolipa.

Nina hofu zaidi na vitu vya ufukweni na baharini kuliko ndege. Nijihadhari na nini? – Bibi anayesindikiza wajukuu

Shikamoo, bibi. Cha kwanza ni mti. Manchinili huota nyuma ya fuo za visiwa vingi, una majani yanayong'aa na matunda kama tufaha dogo la kijani, matamu kunusa. Utomvu wake huunguza ngozi na macho, na tunda huchoma mdomo na koo. Mahali pengine shina huzungushiwa rangi nyekundu au kibao cha onyo, mahali pengine hakuna kitu. Wafundishe wajukuu siku ya kwanza: hatuokoti tunda lolote lililoanguka mchangani. Mvua ikianza msijikinge chini ya mti msioujua, kwa kuwa matone yanayodondoka kwenye manchinili hubeba utomvu. Mtoto akiguswa, osha kwa maji mengi na sabuni, zuia mikono isifike machoni. Akiuma tunda, hospitali mara moja.

Wadudu ni wawili. Usubi huuma machweo, wakati hakuna upepo, na huacha vipele vinavyowasha kwa siku kadhaa. Ondokeni mchangani kabla ya saa 12 jioni. Mbu wa dengi huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku pekee hakitoshi. Dawa ya kupaka yenye DEET inafaa kuanzia miezi 2. Mtoto mdogo zaidi akingwe kwa chandarua juu ya kigari chake. Zenye mafuta ya mkaratusi-limau haziruhusiwi chini ya miaka 3, ingawa chupa imeandikwa ni za asili. Paka krimu ya jua kwanza, dawa ya mbu baadaye.

Kwenye maji, maputo ya mikononi ni vitu vya kuchezea. Huchomoka, na humzoeza mtoto kusimama wima majini, mkao uleule wa kuzama. Mnunulieni jaketi la kuokolea la uzito wake, lenye mkanda unaopita katikati ya miguu, na mtu mzima awe umbali wa mkono mmoja. Mabwawa mengi ya hoteli hayana mlinzi. Wakiwepo watu wazima watano ndipo mtoto huzama, kila mmoja akidhani mwenzake anatazama. Peaneni zamu za dakika 15 kwa jina, na wa zamu asishike simu. Ufukweni, bendera nyekundu ni kutoingia. Ya zambarau ni onyo la viumbe wanaodhuru.

Sint Maarten kuna ufuo wa Maho, ambako ndege hupita juu ya vichwa. Wajukuu wataomba kwenda. Waende, lakini wakae mbali na uzio wa njia ya ndege: upepo wa injini zinapopaa huwarusha watu wazima, na 2017 ulisababisha kifo cha mtalii mmoja.

Mezani, msiwape watoto mzia wala chewa wakubwa wa kwenye matumbawe. Nyama yao huweza kuwa na sumu iitwayo sigwatera, ambayo haina ladha na haiondoki kwa kupikwa.

Tubebe nini ambacho hatutakipata huko? – Wanandoa, mtoto wa miezi 8

Kiti cha gari. Teksi nyingi hazina, na cha kukodi hufika kikiwa kikuukuu au cha umri mwingine. Mashirika mengi ya ndege hukibeba bure pamoja na kigari.

Chombo cha kuchemshia chupa kinahitaji kufikiriwa. Barbados umeme ni volti 115, na chombo cha volti 230 hapo hupata robo tu ya nguvu yake, kwa hiyo chupa hazitachemka ipasavyo. Saint Lucia na Grenada ni 230 hadi 240, na plagi za pini tatu bapa. Suluhisho jepesi ni vidonge vya kusafishia kwa maji baridi, visivyojali volti.

Fulana mbili za kuogelea za mikono mirefu na kofia yenye ukingo huokoa krimu nyingi. Mnunue krimu ya madini, yenye oksidi ya zinki. Visiwa vya Virgin vya Marekani vilipiga marufuku tangu 2020 zenye oksibenzoni na oktinoksati kwa sababu zinadhuru matumbawe. Ipakwe upya kila saa 2. Kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 alasiri mtoto wa umri huo akae kivulini hata akiwa amepakwa. Ongezeni pakiti 6 za ORS na kipimajoto.

Cha kuacha nyumbani: nguo yoyote yenye mabaka ya kijeshi. Barbados, Jamaica, Saint Lucia na visiwa vingine huizuia kisheria kwa raia, na kaptula ya mtoto haisamehewi.

Watoto watalala lini? – Mama wa watatu

Karibea Mashariki iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 7, Jamaica kwa 8. Tarajieni usingizi mzito alasiri na macho makavu saa 8 au 9 usiku. Siku mbili za kwanza msilipie matembezi yoyote. Usingizi wa mchana uwe saa moja tu, kisha nje kwenye mwanga hadi jua linapotua, chakula, na kitandani saa 1 usiku. Wakiamka usiku, wapeni ndizi au mkate gizani, bila simu wala runinga. Kurudi nyumbani ni kugumu zaidi, kwa hiyo tiketi ya kurudi iwafikishe siku tatu kabla shule haijafunguliwa.