Vivuli kwanza, miti baadaye

SWALI: Mwalimu, hujambo? Mimi huchora mandhari kwa rangi za akriliki, na Jumamosi huenda upande wa Kabete na kanvasi yangu. Nimekutumia picha ya barabara yenye mikalitusi. Rafiki zangu wanaisifu miti, lakini hakuna anayeitazama picha yenyewe kwa muda. Hata mimi naiona imetawanyika. Vivuli huvitia mwishoni mwa kila mti, kwa rangi nyeusi niliyoipunguza kwa maji. Je, rangi zangu ndizo mbaya?
Msomaji, Uthiru

JIBU: Sijambo, mwanangu. Rangi zako ni nzuri, na yale magome yanayobambuka umeyatendea haki. Shida iko ardhini. Nimeitazama picha yako nikiwa nimefinya macho, nikaona madoa sita meusi, kila doa na mti wake. Jicho linaruka kutoka doa moja hadi lingine bila kupata njia. Tena kivuli cha mti wa kushoto ni kirefu, kimevuka barabara, ilhali cha mti wa kulia kimejikunja shinani. Bila shaka ulianza kushoto mapema ukafika kulia mchana, na kila mti ukaupa kivuli cha saa yake.

Hapa kwetu karibu na ikweta jua hupanda wima, na hupanda haraka. Miezi ya Machi na Septemba, mti wa mita 10 huwa na kivuli cha mita kama 37 saa moja na nusu asubuhi. Saa moja baadaye kimebaki mita 17 hivi, na kufikia saa tatu na nusu kimelingana na mti wenyewe. Saa sita na nusu kimeshaingia chini ya matawi. Basi ukiviacha vivuli hadi mwisho, utachora vivuli ambavyo havipo tena.

Ukifika, usifungue rangi. Chukua daftari na kalamu nyeusi nene, uchore mstatili mdogo usiozidi kiberiti. Finya macho mpaka majani yapotee, kisha jaza weusi kila kilicho kivulini na uache weupe kila kilichopigwa na jua. Usichore mti wala barabara. Chora giza tu. Hapo utaona jambo ambalo picha yako haina: upande wa giza wa shina, kivuli chake kwenye nyasi, mtaro na ua wa michongoma vyote ni umbo moja. Hakuna mstari unaovitenganisha, kwa hiyo nawe usiuweke. Madoa yako sita yanaweza kuwa maumbo mawili: moja kubwa linaloanza pembeni mwa kanvasi na kuvuka barabara, na dogo kule mbali la kulijibu. Giza na mwanga visigawane picha nusu kwa nusu. Kimoja kitawale.

Hilo umbo kubwa napenda lianzie nje ya picha. Mti usioonekana, ulio nyuma yako au kando yako, unaweza kulaza kivuli mbele kabisa, kisha barabara ikatokea kwenye mwanga ng'ambo yake. Mtazamaji ataingia ndani mwenyewe. Fuata pia mwendo wa kivuli juu ya ardhi: kinashuka mtaroni, kinapanda ukingo, kinavunjika kwenye ukuta. Kikipita bapa kama utepe, ardhi yako yote itakuwa bapa. Ukingo wake huwa mkali karibu na shina na hulegea kadiri unavyokwenda mbali.

Ile nyeusi iache. Kivuli kwenye udongo mwekundu ni udongo uleule, umetiwa giza na kupata ubaridi wa anga. Changanya rangi yako ya udongo na buluu. Mchoraji Mfaransa Claude Monet alipochora malundo ya ngano kule Giverny, Ufaransa, mwaka 1890 na 1891, vivuli vyake vilijaa buluu na zambarau, na alibadilisha kanvasi mwanga ulipobadilika.

Utaniuliza, na Julai je, Nairobi ikiwa na mawingu tangu asubuhi? Siku hizo usibuni vivuli. Jenga giza kwa miti yenyewe na ua. Lakini mawingu yakianza kupasuka, nenda mahali panapoonekana vilima vya Ngong. Vivuli vya mawingu hupita juu yake, na hapo una uhuru mkubwa: subiri kilima unachotaka kiingie gizani, weka alama, usikifuate tena.

Picha uliyonitumia usiitupe. Akriliki yako imekauka, kwa hiyo pitisha juu yake rangi ya buluu na udongo uliyoipunguza sana kwa maji, kuanzia pembe ya kushoto chini, uyaunganishe madoa matatu ya mbele na mtaro. Kivuli cha mti wa kulia kirefushe kielekee upande uleule wa vile vingine. Acha kipande kimoja cha barabara kikiwa na jua kali, na hapo usiguse kitu.