Kuchagua mashine ya zamani ya kanda za rili Lubumbashi

Ndugu, umeuliza uchukue ipi kati ya mashine ya rili Revox A77 uliyoiona Kamalondo na mashine iliyoletwa kutoka Marekani, ili usikilize kanda za kwaya alizoacha marehemu baba yako.

Anza na umeme. Mota za mashine nyingi za Marekani hufuata mzunguko wa umeme wa hezi 60 (mara 60 kwa sekunde), ilhali wetu ni hezi 50. Kibadilisha volti hakisaidii hapo, na kwaya itaimba polepole kwa takriban asilimia 17, kana kwamba wote wamelala njaa. Mota inayoendesha kanda katika A77 huratibiwa na sakiti yake yenyewe, kwa hiyo haina shida hiyo, ingawa ni lazima uhakikishe swichi ya volti imewekwa 220 kabla ya kuiwasha.

Hata hivyo usilipe bado. Chunguza kanda zenyewe kwanza, kwa sababu A77 ilitengenezwa kwa aina mbili, ya njia mbili na ya njia nne (mistari ya sauti iliyopangwa sambamba kwenye kanda), na kanda ya njia nne iliyorekodiwa pande zote mbili, ikipigwa kwenye mashine ya njia mbili, itakuletea pia upande wa pili ukienda kinyumenyume. Angalia pia kanda zilirekodiwa kwa mwendo gani, sentimita 9.5 au 19 kwa sekunde, ili mashine iwe na mwendo huo.

Kwa muuzaji, pitisha ukucha kwenye vichwa, yaani sehemu zinazogusa kanda na kusoma sauti. Ukihisi mfereji wenye kina, punguza bei au ondoka. Mpira wa kubania kanda na kapasita (vipuri vidogo vya umeme ndani ya mashine) hubadilishwa, hivyo visikutishe.